Miwani ya Rangi ya Chai

Tarehe 22 Februari 1960, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Squaw Valley, California, Mfaransa Jean Vuarnet alijirusha kwenye mteremko wa theluji, magoti kayakunja, mgongo kaulaza, mikono kaitanguliza mbele. Alifika chini baada ya dakika mbili na sekunde sita. Aliyemfuata, Mjerumani Hans Peter Lanig, alichelewa kwa nusu sekunde, na dhahabu ikaenda Ufaransa. Wapenzi wa mchezo wa skii huikumbuka siku ile kwa mambo mawili: mkao ule wa kujikunja, ambao Vuarnet aliushughulikia kwa miaka pamoja na mwalimu Georges Joubert, na skii zake za chuma, za kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki badala ya zile za mbao.

Jambo la tatu lilikuwa usoni pake. Vuarnet, mzaliwa wa Le Bardo nchini Tunisia, alivaa miwani yenye vioo vya kahawia. Vioo hivyo vilibuniwa mwaka 1957 na Roger Pouilloux, mtengenezaji wa miwani wa Paris aliyeipenda milima, akishirikiana na Joseph Hatchiguian. Waliviita Skilynx. Baada ya ushindi, Pouilloux na bingwa waliingia mkataba, na jina Vuarnet likaanza kuandikwa kwenye miwani. Miaka ya 1980 miwani hiyo ilikwisha kushuka kutoka milimani na kuenea kwenye fukwe za Marekani, ikivaliwa na watu ambao hawakujua kuwa Vuarnet ni mtu.

Kwa nini kahawia, na si nyeusi au kijani? Asiyewahi kukanyaga theluji anaweza kudhani kwamba kazi ya miwani ya jua ni moja tu, kupunguza mwanga. Kwa mtelezaji anayekwenda kasi ya basi la masafa marefu hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiona ardhi. Theluji ni nyeupe juu ya nyeupe. Tuta na shimo vina rangi ile ile, na kinachovitofautisha ni kivuli chepesi tu. Kioo cheusi hupunguza mwanga wa kila kitu kwa kiwango kimoja, hivyo jicho hupumzika lakini shimo hubaki limejificha.

Siri iko kwenye rangi ya kivuli chenyewe. Theluji iliyo juani hupokea mwanga wa jua moja kwa moja, wenye rangi zote. Theluji iliyo kivulini hupokea zaidi mwanga wa anga, na anga ni la buluu. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Rayleigh, alionyesha sababu yake: hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu, na mwanga wa buluu hutawanyika mara nne hivi zaidi ya ule mwekundu. Sasa chukua kioo cha kahawia, ambacho huzuia sehemu kubwa ya buluu na kuachia njano, chungwa na nyekundu zipite. Theluji ya juani hupoteza kiasi. Kivuli hupoteza zaidi, kwa kuwa buluu ndiyo sehemu kubwa ya mwanga wake. Kivuli kinakolea, na tuta linajitokeza.

Ni hivyo hivyo kwenye ukungu na vumbi la mbali. Buluu iliyotawanyika angani hutanda mbele ya macho na kuvifanya vilima vya upeo wa macho vionekane vimefifia. Ukiiondoa, vilima vinakaribia. Jicho lenyewe nalo halielewani vizuri na buluu. Mwanga huo hukusanyika mbele kidogo ya retina badala ya juu yake, na katikati kabisa ya retina, pale tunapotumia kusomea na kutungia uzi kwenye sindano, hakuna seli za kuipokea. Tusizidishe chumvi, hata hivyo. Majaribio ya kupima kama vioo vya njano na kahawia kweli huongeza uwezo wa kuona yametoa majibu yanayopingana, na mara nyingi mvaaji husifu zaidi ya vipimo vinavyothibitisha. Lakini kwenye theluji, nyasi kavu na barabara ya vumbi, walioijaribu kwa dhati wamerudi kwenye kahawia tena na tena.

Vita vya watu na mng'aro ni vya kale kuliko miwani ya kioo. Wakazi wa pwani za Aktiki, mababu wa Wainuiti wa leo, walichonga miwani ya mbao, mifupa na pembe za walrasi tangu miaka 2000 hivi iliyopita. Haikuwa na kioo chochote. Ilikuwa kipande kilichofuata umbo la uso, chenye mpasuko mwembamba mbele ya kila jicho, na mara nyingi ndani kilipakwa masizi ili mwanga usirudi. Mpasuko ule ulipunguza mwanga na papo hapo ukanoa macho, kama anavyofanya mtu anayekunja macho kusoma kibao cha mbali. Mwindaji alilindwa na bado akamwona mnyama. Wazo lile ndilo lililokuwa likitafutwa na kila mtengenezaji aliyefuata.

Nchini China kulikuwa na jiwe. Kwarzi ya kahawia huupata ukahawia wake ardhini, pale mnururisho wa asili wa miamba unapoigusa fuwele yenye chembe za alumini. Wachina waliiita fuwele ya chai, na rangi yake kwa hakika ni ile ya chai ya rangi ndani ya bilauri. Inasimuliwa mara nyingi kwamba mahakimu wa karne ya 12 walivaa miwani ya jiwe hilo barazani ili washtakiwa wasiwasome macho. Lililo wazi zaidi ni kwamba zama za nasaba ya Qing miwani ya fuwele ya chai ilikuwa mali ya watu wenye uwezo. Jiwe lilikatwa na kusuguliwa kwa mkono mpaka likawa bapa na laini, na wavaaji waliamini kuwa huyapoza macho. Huenda ndiyo miwani ya kwanza ya kahawia kuvaliwa mitaani kwa heshima yake yenyewe.

Ulaya ilichelewa kufika hapo. Mwaka 1752 hivi, James Ayscough, mtengenezaji wa miwani wa London, alipinga kioo cheupe akisema kinaumiza macho, na akapendekeza kijani na buluu. Venice ya karne hiyo hiyo ilitengeneza vioo vya kijani kwa ajili ya watu waliopanda gondola juani. Imani ilikuwa kwamba kijani, rangi ya majani, huyapumzisha macho. Ilipofika mwaka 1801, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter aligundua kuwa kando ya zambarau kuna miale isiyoonekana, ile tunayoiita leo urujuanimno. Hapo swali lilibadilika. Haikutosha tena kuuliza ni rangi gani inayopumzisha. Ilibidi kuuliza ni mwanga gani unaopita. Mwingereza William Crookes alilichukua swali hilo kwa uzito. Akifanya kazi kwa ajili ya kamati ya Royal Society iliyochunguza mtoto wa jicho kwa mafundi wa tanuri za kioo, alichanganya zaidi ya aina 300 za vioo na kuchapisha matokeo mwaka 1914. Tangu hapo kioo cha kukinga macho kikawa na resipe, kama dawa.

Milimani hawakungoja maabara. Mwaka 1888, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, Jules Baud alianza kutengeneza miwani kwa ajili ya wasaka fuwele wa Chamonix, watu waliopanda kuta za barafu kutafuta mawe ya kuuza. Kampuni yake ndiyo Julbo ya leo. Miwani ya wapanda barafu ikaja kujulikana kwa vipande vya ngozi ubavuni, kwa sababu theluji hurudisha mwanga kutoka chini na kutoka kando, si kutoka juu tu.

Gharama ya kuvua miwani pale juu ilionekana waziwazi tarehe 4 Juni 1924, kwenye mlima Everest. Edward Norton, kiongozi wa msafara wa Waingereza, alifika mita 8,573 bila oksijeni ya chupa, rekodi ya kimo iliyodumu kwa karibu miaka 30. Alikuwa amevua miwani yake. Alikuwa juu ya mawe, si juu ya theluji, na miwani ilimzuia kuona vizuri pa kuweka mguu; aliona hakuna hatari. Usiku uliofuata macho yalianza kuwaka, na akawa kipofu kwa zaidi ya siku mbili. George Mallory na Andrew Irvine walipoondoka kambini kwenda juu, safari ambayo hawakurudi, kiongozi wao aliwaaga bila kuweza kuwaona.

Mwili wa Mallory ulipopatikana mwaka 1999, miwani yake ilikuwa mfukoni. Wachunguzi wengi wamelichukua hilo kuwa dalili kwamba alianguka jua likiwa limekwisha kuzama, wakati hakuihitaji tena.

Kilichompata Norton ni konea kuungua kwa urujuanimno, kama ngozi inavyoungua, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtu akiwa tayari amedhani amesalimika. Miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya inayoiangukia. Povu la bahari hurudisha kama asilimia 25, mchanga mkavu wa ufukweni kama 15. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaodai kila mgeni awe na miwani kabla ya usiku wa kileleni hawadai pambo. Uhuru ni mita 5,895, karibu kabisa na ikweta, na jua likichomoza juu ya barafu ya Rebmann halina huruma kwa mgeni wala kwa mpagazi. Mpagazi naye anastahili miwani, na katika misafara mingi yeye ndiye wa mwisho kufikiriwa.

Kisa cha Norton ndicho kiini cha historia hii yote. Miwani ililinda jicho lakini ikaficha hatua. Akaivua ili aone, akapoteza vyote viwili. Hilo ndilo tatizo ambalo Pouilloux alilitatua kwa kahawia miaka 33 baadaye.

Katikati ya hapo jeshi la anga la Marekani lilikwenda njia nyingine. Marubani walilalamika juu ya mng'aro wa mawinguni, na kampuni ya Bausch & Lomb ya Rochester ikawatengenezea miwani yenye kioo cha kijani; mwaka 1937 ilianza kuuzwa kwa umma kwa jina Ray-Ban. Kijani kilimfaa rubani. Yeye anatazama anga na vyombo vyake, na anahitaji rangi zibaki karibu na zilivyo. Aliye ardhini ana mahitaji mengine, na kampuni hiyo hiyo ililijua hilo, kwani wawindaji na walenga shabaha iliwauzia vioo vya njano vya kupasua ukungu. Ajabu ni kwamba picha za Jenerali Douglas MacArthur akiwa na miwani ya rubani ziliifanya miwani ile kuwa ndoto ya kila kijana mjini, na kwa miaka mingi walionunua miwani kwa ajili ya barabarani na ufukweni walivaa rangi iliyochaguliwa kwa ajili ya mawinguni.

Miaka hiyo hiyo kijana Edwin Land alileta utando wa polaroidi, unaokata mng'aro unaoruka juu ya maji na lami, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1930 ukawekwa kwenye miwani ya jua. Mvuvi aliyeivaa aliona samaki chini ya uso wa maji. Polaroidi si rangi, nayo huja katika kijivu, kijani au kahawia. Lakini ikikutana na kahawia kwenye maji ya kina kifupi, miamba na majani ya baharini hutengana vizuri na mchanga.

Kisha jina la Tanzania likaingia katika hadithi hii, na liliingia kutoka jimbo la New York. Kampuni ya vioo ya Corning ilikuwa imetoa, mwaka 1964, kazi ya wataalamu wake William Armistead na Donald Stookey: kioo chenye chembe ndogo mno za chumvi ya fedha, kinachojitia giza juani na kurudi cheupe kivulini. Baadaye mafundi wa Corning walikipitisha kioo cha namna hiyo kwenye tanuri la gesi ya haidrojeni. Haidrojeni ilibadilisha tabaka jembamba la juu, na kioo kikatoka kikiwa cha njano, chungwa au kahawia, kikizuia urujuanimno na buluu kwa pamoja. Matumizi yake ya kwanza yalikuwa ya hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vioo vilivyoitwa CPF vilitolewa kwa wagonjwa wa retina wasiostahimili mwanga, na kila kimoja kikapewa namba ya urefu wa wimbi: CPF 550 kilizuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 550.

Mwaka 1985 ujuzi huo ulitoka hospitalini ukaingia barabarani. Corning ilitoa miwani ya madereva yenye vioo vya kahawia ya shaba, ikaiita Serengeti. Jina lilichaguliwa kwa ajili ya soko la Marekani, lakini lilikaa mahali pake. Katika Serengeti ya kweli, mwezi wa Agosti, nyasi ni za njano, barabara ni ya vumbi, na chui aliyelala juu ya mgunga ni madoa ya kahawia ndani ya madoa ya kahawia. Hayo ndiyo mandhari ambayo kioo hicho huyafungua: rangi zilizo karibu karibu, mwanga mkali, vumbi mbele. Mandhari ya buluu hupata hasara. Bahari ya Zanzibar ikitazamwa kupitia kahawia hugeuka kijani kizito, na anayetaka kuifurahia rangi yake avae kijivu.

Kwenye vioo vya namna hiyo rangi na ulinzi vilikwenda pamoja, kwa sababu vyote viwili vilizaliwa ndani ya tanuri moja. Plastiki ilivitenganisha. Lenzi za CR-39, plastiki ya Marekani ya miaka ya 1940 iliyoanza kutumika kwenye miwani mwaka 1947, ni nyepesi na hazivunjiki kirahisi, na kuzitia rangi ni kazi ya dakika chache. Fundi huzitumbukiza kwenye beseni la rangi yenye joto la kukaribia kuchemka, hutazama zinavyokolea, huzitoa. Kahawia hiyo ni rangi ya nguo. Inaweza kuwa imepakwa juu ya lenzi nzuri yenye kinga kamili, na inaweza kuwa imepakwa juu ya lenzi duni. Na lenzi duni yenye giza ina hatari yake: mboni hupanuka kwa kudhani kuna kivuli, na urujuanimno hupata mlango mpana zaidi. Australia ilikuwa nchi ya kwanza kulitungia jambo hili viwango vya taifa, mwaka 1971. Viwango vya leo vya kimataifa hupanga miwani kwa namba 0 hadi 4. Namba 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, ndiyo ya jua letu la kawaida. Namba 4, asilimia 3 hadi 8, ni ya barafu, na hairuhusiwi kwa dereva.

Kariakoo au Gikomba, miwani ya kahawia huning'inia kwenye ubao wa mchuuzi pamoja na ya buluu, ya waridi na ya kioo cha kujitazamia. Kila moja ina kibandiko kidogo kilichoandikwa UV400, maana yake inazuia miale yote mpaka nanomita 400. Kibandiko hicho hubanduka kwa ukucha. Kinaweza kuwa cha kweli. Macho matupu hayana njia ya kujua. Maduka mengi ya miwani yana kifaa cha kupima, na kipimo huchukua sekunde. Bodaboda anayeshinda juani, mvuvi, askari wa barabarani na mkulima wa mpunga wana haki ya kukiomba kipimo hicho kabla ya kutoa hela, na wauzaji wangezoea kukitoa iwapo wengi wangekiomba. Rangi huchaguliwa baadaye: kahawia kwa barabara, shamba na mlima, kijivu kwa anayehitaji rangi zisibadilike, na yoyote iwayo, isivaliwe usiku.

Wapo ambao kwao jambo hili haliwezi kungoja. Watu wenye ualbino, ambao ni wengi nchini Tanzania kuliko katika nchi nyingi duniani, wana macho yasiyo na rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga, na wengi wao hupata nafuu kwa vioo vya kahawia au vya chungwa, ndugu wa vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa retina. Mtoto wa namna hiyo akikaa dirishani darasani bila miwani, ubao ulio mbele yake humezwa na mng'aro. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo kinachofundisha wataalamu wa kupima macho. Mzazi au mwalimu mwenye mtoto huyo asianzie kwenye ubao wa mchuuzi. Ampeleke kwanza akapimwe, amvike kofia yenye ukingo mpana, na amwombee kiti kilicho mbali na dirisha.